Taa ya Kushukia

Jumatatu, 3 Machi

Imeamuliwa: ngazi za chumba cha watoto zitawekewa taa. Taa za usiku, hafifu, zisizopita kifundo cha mguu. Mke wa mwanangu alinieleza huku tukikunja nguo zilizokauka. Anasema mjukuu wangu mdogo siku hizi hupanda gizani kuja kulala kwangu darini, mto kwapani, macho nusu yamefumba. "Iko siku atateleza, mama, tubaki tunajuta." Nikasema ni kweli kabisa.

Ngazi zenyewe ni za mbao, nyembamba, kali kidogo. Zinaanzia kwenye kona ya chumba chao, pembeni mwa kitanda cha mjukuu mkubwa, zinaishia mlangoni kwangu. Asiyepita chumbani mwao hafiki kwangu. Na darini hakuna maji, choo kiko chini.

Mdogo hupanda mara moja moja, akiota vibaya. Mimi hushuka kila usiku. Hakuna aliyeuliza nani anashuka. Ningeweza kusema pale pale. Nikaendelea kutafuta wenzi wa soksi.

Mwezi uliopita mguu ulikikosa kidato cha mwisho, nikajikuta nimekaa sakafuni. Sikuumia, ila fahari. Sidhani kama yupo aliyesikia. Wakijua, najua watakachofanya, maana mwanangu alishakitaja siku niliyohamia: kitanda cha kukunjua, sebuleni, nyuma ya pazia. Atafanya kwa upendo. Lakini sebule nimezilalia za kutosha. Chumba hiki cha darini ndicho cha kwanza chenye mlango ninaoufunga mwenyewe tangu nitoke kwetu. Nina rafu. Nina dirisha la kuonea paa za watu. Sitaki pazia.

Jumanne, 4 Machi

Duka la taa, na mkwe wangu na mume wangu — yaani huyo mdogo, ambaye aliniposa akiwa na miaka minne na hajarudi nyuma. Alitaka za buluu, kama za ambulensi. Dada yake hakuja, alikuwa shuleni, lakini alituma hukumu: "Buluu hapana, tutalala kama wagonjwa." Tunamwita Hakimu. Kesi zote za chumba kile huamuliwa na yeye, na hana mahakama ya rufaa.

Mkwe wangu akasema, chagua wewe mama, macho yako yamesoma kuliko yetu sote. Nikachagua rangi ya asali. Nilisahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji kwa muda mrefu chini ya taa nyeupe, najua nyeupe inavyofukuza usingizi. Hapo nilisema kweli.

Kisha muuzaji akaleta zile za sensa, zinazojiwasha zenyewe mtu akipita. Mkwe wangu alizipenda. Mimi nikasema zitamshtua mtoto. Nilieleza vizuri, kwa utulivu, hata muuzaji akaniunga mkono. Sababu yenyewe ni kwamba taa za namna ile zingenitangaza. Kila nishukapo, chumba kizima kingewaka chee.

Tumechukua utepe wa taa, wa kuwaka usiku kucha.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi umeme amekuja. Mtu wa maneno, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Aliubandika utepe ndani kabisa, chini ya mdomo wa kila kidato, ule ukingo uliotokeza, ili usiwachome macho watoto wakiwa vitandani. Kisha tukafunga mapazia, tukatundika na mablanketi juu yake, tupate giza mchana.

Kwa chini, nikiri, palipendeza. Kila kidato kilikuwa na ukanda wake wa asali. Watoto walikaa kitandani kama watu waliokata tiketi. "Na ukidondosha sindano utaiona," fundi akasema. Hakimu akamuuliza nani anashona kwenye ngazi.

Nikaombwa nipande niangalie kwa juu. Nikapanda. Nikageuka.

Hakuna kitu. Mwanga wote unaangukia ubao uliosimama, unamtazama anayekuja. Anayeondoka juu anaona giza moja la kahawia limelala mteremko, kingo za vidato zimemezwa. Zimewekwa taa za kupandia.

"Vipi huko, bibi?" fundi akaita. "Sindano unaiona?"

Nikasema naiona.

Jumamosi, 8 Machi

Usiku nimeshuka kwa makalio, kidato kwa kidato, kama mtoto anayejifunza. Mtu mzima, aliyewahi kuogopwa na waandishi kwa kalamu nyekundu. Ningemwona mwingine ningecheka.

Jumatano, 12 Machi

Mkwe wangu amerudi kutoka shuleni na uso mzito. Mwalimu amemwambia Hakimu anasinzia darasani. Si mara moja. Juzi alilala juu ya daftari mpaka likamchora shavu.

Wakamuuliza, mama yake akimshika paji la uso, baba yake akiwa bado na funguo mkononi. Akajibu "Sijui." Yeye, ambaye hajui neno hilo. Akanitazama kidogo, kisha akatazama dirisha. Nilidhani anataka nimtetee, nikasema mtoto anakua, kukua kunachosha.

Mwanangu akasema ni hizi taa. Usingizi wa mtoto haupendi mwanga, amesoma mahali. Akaenda kwenye kitufe cha kupunguzia mwanga, alichokifunga fundi ukutani, akakizungusha mpaka karibu na mwisho. Sasa utepe unawaka kama makaa yaliyosahauliwa. Akaniuliza, ni sawa mama? Nikasema ni sawa.

Mume wangu peke yake ndiye aliyelalamika. "Mke wangu, sasa nikija kwako nitakuja na nini? Na tochi?" Nikamwambia mahari hajamaliza, asije na tochi wala nini.

Wakacheka. Mimi pia.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi Hakimu alikaa miguuni pangu nimsuke, mama yake akiwa ameenda kumpeleka mdogo. Nilikuwa nusu ya kichwa. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayehesabu hisa: "Bibi, jana ulishuka mara mbili au tatu? Ya mwisho sina uhakika, nilianza kulala."

Mikono ikasimama kwenye nywele.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema anajua siku zote. Husikia mlango wangu, kisha hungoja. Nikifika chini hungoja nirudi. Nikipanda, mlango ukijifunga, ndipo analala. Ameanza tangu siku nilipoanguka. "Ulikalia viatu vyangu. Halafu ukaviambia samahani."

Sikumbuki kuviomba viatu radhi. Lakini ni mimi huyo, namtambua.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia baba na mama. Akageuka, msuko ukanichomoka. "Si wewe hukusema? Nikajua ni siri." Kisha akaongeza kuwa tangu baba apunguze taa imekuwa kazi zaidi, maana zamani alikuwa akiiona miguu yangu, sasa anasikiliza tu.

Nikamalizia kumsuka. Upande mmoja umetoka mbaya, nilibana mno, hakulalamika.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa, na kitabu kilichofunguka ukurasa ule ule. Nijieleze, japo hakuna wa kunisikiliza hapa. Nimeishi nyumba nyingi za watu. Wema, wengi wao. Mgeni wa siku mbili husamehewa mengi, mgeni wa miaka hujifunza. Nilijifunza kunywa maji bila bilauri kugonga sinia. Nilijifunza kukohoa ndani ya mto. Na kubwa kuliko yote, nilijifunza kutowasha taa ya mtu usiku. Kila nyumba niliyolala, kesho yake mchana niliipima kwa mikono: ukuta, kona, kiti, mlango. Usiku nikapita kama upepo. Wenyeji walinisifu, huyu hata hujui kama yumo. Nikaiona ni sifa. Nikaibeba kutoka nyumba hadi nyumba, na nimeingia nayo humu, kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Swichi ya taa kubwa ya ngazini iko mlangoni kwangu, usawa wa bega. Sijawahi kuigusa usiku.

Nilidhani natembea bila kumgharimu mtu. Kumbe kulikuwa na mlinzi, ana miaka kumi na moja, anaingia zamu akiwa na nguo za kulalia, na asubuhi ana hesabu za kugawanya. Na kila tulipojaribu kumponya tukamzidishia kazi: mwanangu kwa kitufe, mimi kwa "ni sawa". "Mficha maradhi kifo humuumbua" — nimeusahihisha msemo huo kwenye prufu sijui mara ngapi, nikihakikisha tu herufi zimekaa.

Nitasema kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Sikusema.

Nilikuwa nimejipanga, sentensi ya kwanza ninayo. Mwanangu akapanda darini na mbao mbili na nyundo, akitembea kwa mluzi. Amenitengenezea rafu ya pili. Akavipanga vitabu mwenyewe, vikubwa chini, akanipigapiga begani kama mimi ndiye mtoto. "Hapa, mama, ni pako mpaka wewe mwenyewe upachoke. Umehama vya kutosha."

Ile sentensi ikarudi ilikotoka. Nikamwambia kimoja amekiweka kichwa chini.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwomba Hakimu alale, asiningoje, nitashuka polepole. Ameniahidi. Usiku nikafika chini, nikasimama bila kupumua kusikiliza pumzi zake. Zilikuwa nzuri mno. Hakuna mtu aliyelala anayepumua kwa mpangilio ule.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu amepiga simu tena. Mkwe wangu hakungoja jioni, akamwita fundi aje aziondoe taa zote. Alinikuta jikoni akaniambia, bora giza, mama, mtoto alale. Huyo mdogo tutamfundisha kubaki kitandani kwake.

Nikamfuata chumbani. Fundi alikuwa amepiga goti kwenye kidato cha chini, ananyofoa utepe, gundi ikilia. Vidato vitatu vilikwisha kuzimika. Hakimu alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule, amesimama mlangoni, begi mgongoni, ananitazama. Hakunitazama kwa kunishtaki. Alikuwa anangoja nimpe ishara anyamaze vipi.

Nikamwambia fundi aache. Nikasema asiziondoe, azihamishe. Azitoe chini ya midomo, aweke taa ndogo ndogo ukutani, upande wa kishikio, juu kidogo ya kila kidato, zimulike ukingo. Na kitufe kirudishwe juu.

Fundi akajikuna kwa bisibisi. "Bibi, hizo unazosema ni za mtu anayeshuka. Mimi niliambiwa kuna mtoto anapanda."

"Nani anashuka?" mkwe wangu akauliza. Aliuliza kirahisi tu, kama mtu anayeuliza nani ameacha mlango wazi.

Nikasema, mimi.

Nikasema na mengine. Kila usiku. Kuanguka. Kwamba kule dukani, kuhusu zile taa za sensa, niliwadanganya. Kwamba juu hakuonekani kitu na nilisema sindano naiona. Nilipofika kwa Hakimu kukesha, nikamwacha amalizie mwenyewe. Akamalizia kwa maneno machache, akitazama kamba za begi lake. Mama yake akakaa kitandani.

Hakulia, hakufoka. Alisema: "Miaka miwili uko kwetu, mama. Miaka miwili unaishi kwangu kwa kunyata. Mimi nimekukosea nini?"

Nilitaka kumwambia si yeye, ni nyumba zilizomtangulia. Lakini ningemwambiaje hivyo mtu ambaye kila wiki hunibadilishia mashuka kabla sijaomba?

Fundi akanong'ona kuwa atakuwa nje, akatoka na utepe shingoni kama fundi cherehani.

Mwanangu amepigiwa simu kazini kwake, amekuja. Alipita hapa, akazitazama ngazi, akakanyaga kidato cha kwanza kama anayekipima, akarudi. Alinigusa kichwani. Sasa wapo jikoni, mlango umefungwa, nao ni mlango usiofungwa kamwe humu ndani. Sauti zao zinapanda na kushuka. Nimesikia "sebuleni". Nimelisikia tena, safari hii mkwe wangu ndiye aliyelisema, na sijui kama alikuwa anakubali au anakataa.

Naandika nikiwa kwenye kiti cha watoto, magoti juu kama panzi. Sijapanda kwangu. Nimekaa karibu na kitanda cha Hakimu kwa sababu alijilaza "kidogo tu, bibi, nisikie watasemaje", na hakufika hata dakika. Jua bado lipo dirishani. Amelala kifudifudi, begi la shule bado mgongoni, mdomo wazi, anakoroma kama mzee. Pumzi za ovyo, zinapanda, zinakatika, zinarudi. Hizi ndizo za kweli.

Nilitaka kumvua begi. Nimeacha.

Fundi amechungulia dirishani. Ananiuliza kwa mikono: abandue au abandike? Nimejiwekea kidole mdomoni, nikamwonyesha mtoto aliyelala.