Trekta la Petroli Lililookoa Ng'ombe wa Saint-Alcide

Saint-Alcide, Quebec
21 Januari 1998

Mpendwa mdogo wangu Fernande,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Manitoba? Shemeji Adélard bado anakohoa? Sisi tu wazima, ila tunanuka moshi wa kuni kama nyama ya kukaushwa. Mimi na miaka yangu sabini na tisa sijapiga chafya hata moja.

Najua mmesikia redioni. Mvua ilinyesha siku tano, na kila tone likigusa kitu linaganda palepale. Matawi yalikuwa yakikatika kwa mlio wa bunduki. Nguzo za umeme zimelala barabarani, na umeme hatuna mpaka leo.

Mwanangu Réjean ana ng'ombe wa maziwa arobaini na wawili, wote wamezoea mashine. Ng'ombe hangoji umeme, unajua mwenyewe. Siku ya pili viwele vilikuwa vigumu kama mawe, na kiwele kikiharibika ng'ombe ni wa kuchinjwa. Tukakamua kwa mikono. Mimi nilikamua saba, Fernande! Réjean watatu, akala na teke la paja. Kisha vidole vyangu vikakataa kukunjika, nakwambia wewe tu.

Asubuhi ya tatu nikamwambia, "Toa trekta langu jekundu."

"Baba, acha mizaha. Lile limekaa bandani tangu Mama afariki. Nina matrekta mawili mapya."

"Hayo yako ni ya dizeli. Dizeli hainyonyi."

Mashine ya kukamulia hunyonya kama ndama, na pampu yake inataka umeme. Lakini injini ya petroli ikivuta hewa nayo hunyonya. Nilichomeka mpira pale inapovutia hewa, nikaupeleka hadi kwenye bomba la mashine ya kukamulia zizini, nikawasha. Maziwa yakaja! Réjean alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia. Nikajifanya nasafisha miwani.

Mchana akaja jirani yetu Normand Lacasse, yule anayeniomba kila mwaka nimuuzie trekta hilo kama chuma chakavu. Alikuja akitambaa kwenye barafu.

"Umefuata chuma chakavu, Normand?"

"Mzee Ovila, utanicheka kesho. Leo ng'ombe wangu sitini wanalia."

Nikaenda. Wanaume sita walitangulia wakimwaga majivu barabarani nisiteleze, mimi nimekaa juu kama askofu. Tangu hapo nimezunguka mazizi manne, asubuhi na jioni. Maziwa tunayamwaga, gari la kuyachukua halipiti, na hilo linaniuma. Lakini ng'ombe tumepoteza mmoja tu, wa Normand, aliyeteleza akavunjika nyonga. Kwa ugonjwa wa kiwele hatujapoteza hata mmoja.

Jana wanajeshi walituletea jenereta. Nilikuwa juu ya trekta, nikangoja nione Réjean atafanyaje. Aliitazama jenereta, akawaambia, "Pelekeni kwa wengine. Kwetu yupo Baba."

Msalimie Shemeji Adélard, na binti zako Lucille na Huguette. Normand naye anakusalimu. Mungu awafunike kwa joto lake, na kuni zisiwaishie.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ambaye bado nina nguvu,

Ovila