Chumba cha Chini

Alhamisi usiku

Mlio wa lile kufuli bado uko masikioni mwangu. Nilitoka kazini na pazia jipya la chumba cha Mama, nikamkuta msichana nisiyemjua akikifunga chumba hicho kwa kufuli lake.

"Sasa, dada. Mimi ndiye mpangaji mpya," akasema kwa adabu.

Mkopo wa nyumba hii naulipa mimi. Saruji na vigae vya chumba hicho nilinunua mimi, ili Mama ahamie huku chini. Moyo wake umechoka na daktari amemkataza ngazi. Kaka Ouma nilimwachia kazi moja tu, kumsimamia fundi.

"Siz, tulia," aliniambia huku anatafuna muwa. "Mtaa huu nani huacha chumba cha chini bila mpangaji? Wewe umesoma vitabu, nyumba niachie mimi. Matheh amezoea ngazi."

Amezoea! Wakati huo Mama alikuwa amesimama katikati ya ngazi, ameshika ukuta, anahema. "Usimfukuze ndugu yako, mwanangu," akasema. Kumbe alijua tangu Jumatatu, akaninyamazia. Ouma naweza kumwelewa. Lakini Mama...

Sikupiga kelele. Nilimweleza msichana yule ukweli, akacheka kidogo, akakubali kubadilisha chumba. Sasa analala juu, katika chumba cha Ouma. Mama yuko chini, nyuma ya pazia lake jipya.

Ouma sikumfukuza. Kitanda chake nimekihamishia kwenye varanda, na shuka nimemtandikia.