Kikongwe Atakayembeba Hyasinta

Jumapili, 3 Julai 1988

Baridi. Ukungu umeingia mpaka jikoni. Leo Padri katangaza kanisani: Hyasinta wangu anaondoka Jumamosi kwenda Italia kusomea ukunga. Watu wakapiga makofi, mimi nikasimama nikapunga mkono kama mbunge. Mama yake, Blandina, akanivuta koti — kaa chini, hawakupigii wewe! Kwani nani kamzaa? Haya, na yeye alisaidia.

Jumamosi asubuhi nitambariki kama baba yangu alivyonibariki mimi. Pombe ya mtama mdomoni, namnyunyizia kichwani na kifuani. Bila hiyo mtoto wetu hatoki kwenda mbali, hata awe nesi mwenye cheti. Padri anajua. Huwa anatazama pembeni, anakagua mahindi.

Jumatatu, 4 Julai

Mungu wangu!

Clemensi, mtoto wa dada yangu, dereva wa watalii, kapita hapa akitoka Ngorongoro. Land Rover inachemka, anaomba maji. Nyuma kuna mgeni mmoja tu, Mjerumani mstaafu, pua imeungua jua kama nyanya. Clemensi anasema mjomba, huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza ndege zile kubwa, maisha yake yote. Nikasema vizuri! Mwulize habari za ndege ya Hyasinta, ile pana ya Jumamosi yenye njia mbili za kupita katikati ya viti.

Mgeni akafurahi kweli. Anaijua! Ameifungua na kuifunga kwa mikono yake. Nikajiona mkubwa. Nikauliza, ni mpya?

Akacheka!! Eti ilipotoka kiwandani Hyasinta alikuwa hata shule hajaanza. Na wenye ndege hao ni wa tatu. Wa tatu! Imeuzwa, ikauzwa tena, ikapakwa rangi, watu wanaiona inang'aa.

Rangi! Pale mnadani walanguzi wanakwangua pete za pembe kwa tupa. Ng'ombe akizaa anaongeza pete, hilo kila mtu hapa analijua. Pembe ikishakwanguliwa inakuwa laini, unanunua bibi ukidhani mtamba. Mimi natazama pembe kwanza, bei baadaye. Nikamwambia Clemensi, mwulize pete za ndege ziko wapi. Akakataa. Mjomba, utanitia aibu. Tafsiri, mjinga wewe! Akatafsiri. Mjerumani alicheka mpaka akakohoa, halafu akanijibu kama mtu mzima: zipo, ila huzioni kwa macho. Kila ikipanda juu tumbo linavimba kidogo, ikishuka linanywea. Wanaandika kila safari.

Linavimba na kunywea! Na mwanangu yumo ndani ya tumbo!

Jumanne, 5 Julai

Nimewaambia. Simbariki mtu anayekwenda kupanda kikongwe. Baraka usiyoiamini ni mate tu.

Hyasinta alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua, mazuri akatupa kwa kuku. Blandina ndiye aliyejibu. Asipoondoka Jumamosi nafasi inakwenda kwa msichana wa Mbulu, unajua hilo? Najua. Na unajua bila baraka haendi? Najua. Basi nini, Baba Hyasinta? Nikasema ndege imezeeka. Akasema mimi nalala na kikongwe miaka yote, mbona sijafa?

Nilicheka. Lakini kucheka siyo kukubali.

Jumatano, 6 Julai

Sikulala vizuri. Nimemfuata Mjerumani hotelini kwake, Clemensi kanipeleka huku ananung'unika. Nimevaa koti la kanisani. Nikamwuliza moja kwa moja — kwa nini hamuichinji?

Akaagiza chai. Akaeleza, Clemensi akitafsiri, na kila neno lilinipiga kofi. Eti ndege mpya ukiiagiza leo unapanga foleni kiwandani miaka, na abiria hawangojei, wanaongezeka. Hii ya zamani imeshalipiwa, kiti atakachokalia Hyasinta ni faida. Tumboni chini ya miguu yake wanapakia na mizigo. Inakunywa mafuta kama mlevi, ni kweli, lakini mafuta siku hizi ni rahisi duniani. Nikashtuka. Rahisi wapi? Hapa Clemensi anapanga foleni ya petroli mpaka anaota ndevu!

Halafu hili. Baada ya muda fulani wanaiingiza bandani, wanang'oa viti, sakafu, kuta, inabaki mifupa. Wanamulika kila ufa. Kilichochoka kinatoka, kipya kinaingia. Injini hizo siyo ilizozaliwa nazo. Miguu siyo. Nikasema basi siyo ndege ile! Akasema ndiyo ile. Siyo! Ndiyo! Tukagonga meza wote wawili, mhudumu akaja mbio.

Mwisho nikamwuliza: wewe unayejua yote haya, ungempandisha mwanao?

Akanishangaa. Mimi mwenyewe nimekuja nayo, akasema. Nililala njia nzima.

Alilala!

Alhamisi, 7 Julai. Saba Saba

Meitamei kafika kutoka Arash na maksai wake wa mnada. Rafiki yangu wa siku nyingi, Mmasai mwenye ulimi mchafu kuliko wangu. Nikamweleza mambo ya ndege nikitegemea ataogopa.

Wapi! Kanicheka. Wewe mkulima wa maharage, akasema, hata ng'ombe huwajui. Nikihama, nani anatangulia mbele ya kundi? Mtamba? Mtamba akiona fisi anakimbilia korongoni na wote wanamfuata. Natanguliza mama mzee. Ameona ukame, ameona simba, maji anayajua yalipo. Huyo simuuzi, simchinji, mpaka ashindwe kusimama.

Nikamwambia mama yako mzee akishindwa kusimama analala chini. Huyu wangu yuko mawinguni!

Akanywa uji. Akasema, hapo sawa, hapo sijui.

Nilifurahi kumshinda. Kisha sikufurahi.

Ijumaa, 8 Julai

Sanduku lake liko mlangoni. Amelifunga kamba ya katani, mafundo ya kike, yatafunguka.

Jioni kanikuta zizini. Baba, akasema, nilijua tangu mwezi wa tano kwamba ile ndege ni ya zamani. Sista wa misheni aliniambia. Na mimi naogopa, sijawahi hata kupanda ghorofa. Nikasema unaona! Akasema ngoja Baba. Nikuulize kitu kimoja. Ingekuwa mpya, imetoka kiwandani jana, ungenibariki?

Nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka! Mimi! Mimi ninayemjibu Padri katikati ya mahubiri! Nimesimama na ndoo kama mwizi aliyemulikwa. Akaninong'oneza lala salama Baba, akaenda.

Nimekaa na ng'ombe mpaka vidole vikafa ganzi. Sijawahi kujishangaa hivi. Siku tano nakagua pembe za ndege, kumbe ninachoogopa ni lile sanduku mlangoni.

Jumamosi, 9 Julai

Clemensi keshafika, anapiga honi, anasema mpaka uwanja wa ndege KIA ni mbali na barabara ni mbovu. Padri yupo, anatazama mahindi. Meitamei kaja na blanketi lake jekundu bila kualikwa.

Hyasinta amepiga magoti uani. Kafungua kilemba.

Pombe ninayo mdomoni. Imejaa mashavu yote mawili, ndiyo maana naandika, siwezi kusema. Nimewaonyesha kidole — subirini — nikaingia ndani kuchukua daftari. Blandina ananichungulia dirishani. Baba Hyasinta, unaandika nini sasa hivi! Honi tena. Nikimnyunyizia anakwenda. Nikimeza anabaki. Inaanza kuwa ya moto. Inanitoka pembeni, inadondoka kwenye karatasi, hapa, na hapa