Kidonge cha Beata na Kahawa ya Bibi Yake

Mama, shikamoo.

Nimewahi gari la Mbinga, nafuata majibu ya damu ya Beata. Uji wake uko kwenye chupa.

Asubuhi nilikunyang'anya kikombe cha kahawa mbele yake. ~~Nilikuwa sahihi.~~ Nisamehe. Tezi ya shingoni mwake inafanya kazi kivivu kidogo, na daktari anadhani ndiyo sababu figo nazo zinachuja polepole. Dawa ikimkubali, huenda figo zikaamka. Ila kidonge kikimezwa kwa kahawa, mwili haukipokei vizuri. Kinataka maji matupu na tumbo tupu. Hilo sikukueleza, wewe ulitaka tu kumwondolea uchungu mdomoni.

Kesho mpe wewe. Kahawa ingoje saa nzima, naye mngojeshe kwa hadithi zako. Nikimpa mimi, hukitema.

Mkweo,
Mama Beata