Mwani wa Mwalimu Nidal

Alhamisi, 6 Novemba. Akaba imeamka na upepo wa kaskazini na mbingu safi. Ghassan, rafiki yangu, sikia yaliyonipata.

Unakikumbuka chombo changu cha mwani, kile nilichokiunda kwa kopo la chujio la maji na utepe wa taa nyekundu? Kilikuwa kinafanya kazi! Mwani ulikula uchafu wote wa tangi langu la matumbawe. Kila alfajiri baada ya swala nilikitazama na kumshukuru Mungu.

Leo nimekuta vijiua vya kahawia, vile vinyama vya baharini vinavyochoma na kuua matumbawe. Vimejaa kwenye mwani, vimeingia hadi tangini. Tumbawe langu la zambarau, nililolilea tangu likiwa dogo kama ukucha, limekufa.

Na mwani huo nilipewa na Mwalimu Nidal, anayetufundisha kufuga matumbawe. Kwa mkono wake!

Jioni nikamwuliza darasani kama alijua. Akacheka. "Abu Laith, mwani ule sikuuamini. Nikasema tuuone kwanza kwako."

Kwanza kwako! Ghassan, kwanza kwako!

"Na wewe hukuuweka kwako?"

"Mimi? Niue matumbawe yangu ya miaka kumi? Nina wazimu, mzee?"

Darasa zima likaangua kicheko. Na huyu ndiye ninayemwombea dua katika kila sijida, kwa kunifundisha kuunganisha bomba.

Nikasimama. Nikasema mbele yao wote: "Wallahi, Mwalimu, atakayekuja kwangu kuomba mwani nitamwambia kilichomo kabla hajanyoosha mkono. Hata akiwa wewe."