Bastola ya Marehemu Babu

Vero weee! Huyu kaka yangu Eustace atatuua!

Kaikuta bastola kubwa ya marehemu babu nyumbani kwa mama, Kigwa. Akajiona tajiri! Kaifunga kwenye kanga, kaipakata kwenye bodaboda mpaka polisi Tabora, eti aisalimishe, ila kwanza wamwambie thamani yake.

Afande kaigeuzageuza. "Kutu tupu. Mtutu umelika, mpini umepasuka. Hii hata wa vyuma chakavu hachukui."

Eustace kanywea. Afande kafungua pale panapokaa risasi, kaganda. "Bwana, humu mna risasi!"

RISASI, Vero! Eustace kakaa chini sakafuni.

Wameichukua, yeye wamemwachia. Tukampigia mama. Tukamweleza yote. Akapiga kelele: "Yesu wangu! Na mimi miaka yote naitumia kupondea karanga!"