Vitunguu Vilivyomuua Bobi

Jumapili, Kalenga

Leo mama kamnyima Mama Neema mkono, mbele ya watu, tukitoka ibadani. Anaamini jirani huyo ndiye aliyemtegea sumu mbwa wetu Bobi, kwa sababu Bobi alizoea kuwafukuza kuku wake.

Sikuweza kunyamaza tena. Juzi Bobi alipokufa, fizi nyeupe, mkojo mwekundu, daktari wa mifugo aliniita pembeni. Vitunguu, akasema. Vinaharibu damu ya mbwa, hata vikipikwa. Na tangu kaka alete gunia la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, mama alikuwa anampa Bobi ugali na rosti ya vitunguu kila siku, sahani imejaa.

Nikamwambia mama jikoni. Akauliza, "Kwa hiyo Mama Neema hana kosa?"

"Hana, mama."

"Na pale Bobi alipokuwa anageuza uso, mimi nambembeleza ale, namlisha kwa mkono..."

Akaenda kwa Mama Neema kuomba radhi. Amesamehewa, amerudi, amelala bila kula.

Mimi silali. Bobi hakutaka kile chakula. Alifungua mdomo kwa sababu aliyemlisha ni mama.